Kiti cha Mbele

Mzee Rubeni hakuwa na desturi ya kumfungulia mtu mlango wa gari. Yeye ndiye aliyezoea kufunguliwa. Kwa hiyo Jumatano ile asubuhi, alipolizunguka lile Benzi jeupe kwa miguu yake mwenyewe, akaushika mlango wa mbele, akauvuta, kisha akasema, "Ketrina, panda," msichana alibaki amesimama na kitambaa cha vumbi mkononi kama mtu aliyeitwa jina la mwenzake.

"Mimi, mzee?"

"Kwani humu kuna Ketrina wangapi? Panda. Magurudumu yamelala mno, nataka kuyanyoosha."

Humu maana yake ghalani. Ghala lile lilikuwa nyuma ya nyumba yake mtaa wa Sogea, na Tunduma nzima ililijua. Ndani yake magari yalilala kama wagonjwa, kila moja limefunikwa shuka lake. Kulikuwa na Hummer nyeusi, Range mbili, na gari jekundu lisilo na paa ambalo tangu lifike halijawahi kunyeshewa mvua. Hilo Benzi jeupe alilinunua kwa mwanamuziki mmoja mkubwa wa Kongo, na usukani wake ulikuwa kushoto. Siku za sikukuu watu walivuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, wakaja kupiga picha nalo. Mwaka uliopita alikuja hata mwandishi wa gazeti kutoka Dar es Salaam, akamwuliza mzee ni gari lipi analipenda kuliko yote. Mzee alimjibu, "Ambalo sijalinunua."

Kazi ya Ketrina ilikuwa kufunua, kufuta, kufunika. Na ni katika kazi hiyo alipompata Lusubilo, mtoto wa mzee, aliyekuwa akija kuziwasha injini betri zisife. Siku moja Ketrina alikuwa anafuta kioo kwa nje, Lusubilo anafuta kwa ndani, vitambaa vyao vikakutana katikati ya kioo. Wala hawakucheka. Walitazamana tu, mikono yao imetulia pale pale, kioo katikati.

Sasa Jumapili iliyopita Lusubilo alikuwa amemwambia baba yake kwamba anataka kumwoa Ketrina. Jumatatu akaenda Dar kuchukua gari jipya bandarini. Alimwachia Ketrina neno moja: "Nikirudi, Jumamosi mshenga anakuja kwenu. Tulia."

Ketrina alitulia. Alitulia hasa, kama alivyofundishwa na mama yake kule Ibaba. Maana kwao, kwa Wandali, mkamwana humkimbia baba mkwe wake. Si kwa chuki, ni kwa heshima. Akimwona anakuja njiani huingia kando, humpa mgongo, hujifunika kitenge mpaka apite. Jina lake halitaji. Alipokaa hakai. Na heshima hiyo haingoji harusi, huanza siku ile mzee anapoambiwa kwamba kijana wake ameona msichana. Basi tangu Jumapili Ketrina alikuwa akisikia kikohozi cha mzee anakimbilia jikoni. Chai alimwachia mpishi aipeleke.

Na Mzee Rubeni alikuwa Mndali vile vile. Alizaliwa ng'ambo tu ya bonde lao.

Kwa hiyo moyo wa Ketrina ulimwambia asipande. Lakini akainua macho akamwona mzee anatabasamu, na mzee yule si mtu wa kutabasamu ovyo. Akawaza: labda matajiri wa mjini wameshayaacha mambo ya Ibaba. Labda hivi ndivyo wao wanavyosema karibu kwetu.

Akaupangusa mkono kwenye sketi, akapanda.

Walitoka polepole, taratibu kama watu wa harusi. Kwa kuwa usukani ulikuwa kushoto, Ketrina aliketi upande ambao watu wamezoea kumwona dereva. Kila jicho lilimwangukia yeye kwanza. Mzee alishika barabara kuu, akapita kando ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka, na vioo alivishusha vyote.

"Kuna joto?" aliuliza.

"Hapana, mzee."

"Basi acha watu wakuone. Mtu hakai ndani ya gari kama hili akajificha."

Moyo wa Ketrina ulijaa mpaka ukamwuma. Dereva mmoja wa Zambia aliyekuwa anapiga mswaki kando ya lori lake aliinua mkono akamsalimu kwa Kibemba, "Mwashibukeni, bamayo!" Ketrina naye akamwamkia, akaona haya, akainamisha kichwa. Mzee alicheka.

Karibu na boda alisimamisha gari mbele ya meza ya Imelda muuza ndizi. Imelda alikuwa mama mnene, mwenye maneno, mtu wa Ileje, Mndali kama wao.

"Weee! Ketrina!" Imelda alipiga makofi. "Leo ndiyo umenunua au umeazima? Na mwaka huu tutaona mengi."

"Mpe ndizi mbivu," mzee alisema. Kisha akamgeukia Ketrina kwa upole. "Mwambie mama huyo. Gari hii ya nani?"

"Ya mzee," alijibu Ketrina.

"Mzee yupi? Hapa boda wazee wamejaa tele."

Ketrina aliona haya, akacheka, akaficha mdomo kwa kiganja. "Ya Mzee Rubeni."

Mkono wa Imelda ulisimama hewani na chane yake ya ndizi. Utani ulimtoka usoni. Aliitia ile chane dirishani bila kumtazama tena, akasema tu, "Haya," akarudi kupanga ndizi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Ketrina aliliona hilo. Yeye ni mtu wa kuona. Ila siku hiyo furaha ilikuwa nyingi, ikalifunika kama shuka.

*

Alipofika nyumbani kwa shangazi yake Jenista, mtaa wa Mwaka, alikuta viatu vya mvua mlangoni vina udongo mwekundu wa milimani. Baba yake mkubwa Hezron alikuwa amefika kutoka Ibaba kwa ajili ya Jumamosi. Baba mzazi wa Ketrina alishafariki, kwa hiyo ni Hezron aliyekuwa na mdomo wa kusema ndiyo au hapana juu yake.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba." Hezron hakunyoosha mkono. Kikombe chake cha chai kilikuwa kimejaa na kimepoa. "Kaa hapo chini. Umetoka wapi?"

"Kazini."

"Kazini wapi?"

Ketrina alimtazama shangazi. Jenista alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na alikuwa anatupa mazima pamoja na mabovu.

"Nilitoka kidogo na mzee," alisema Ketrina. "Alikuwa ananyoosha gari."

"Ulikaa wapi ndani ya hiyo gari?"

"Mbele."

"Mbele na nani?"

"Na yeye."

Hezron alifumba macho. "Nilipokuwa nateremka kwenye gari la Isongole," alisema, "mtu nisiyemjua aliniuliza, wewe si baba yake yule msichana anayetembezwa na Rubeni? Nikasema hapana, si wetu. Wetu anaolewa na mtoto wa Rubeni. Watu wakacheka, Ketrina. Garini mle mle watu wakacheka."

"Baba mkubwa, yeye ndiye aliyeniita. Alinifungulia mlango kwa mkono wake."

"Najua."

"Alinifurahia. Kama asingenitaka angenifukuza. Si angenifukuza?"

"Dada," Hezron alimwambia Jenista, "mwambie mtoto wako."

Jenista aliweka ungo chini. "Mwanangu, mzee yule hana haja ya kukufukuza. Akikufukuza, mume wako atakutetea. Sisi nasi tutatuma wazee, tutabembeleza, tutarudi tena na tena. Mtu akikataa kwa mdomo anarudiwa. Yule hakukataa kwa mdomo. Amekukalisha kando yake mchana kweupe, vioo chini, akakupitisha mbele ya watu wa kwetu wote walioko Tunduma. Nani sasa atasema wewe ni mkamwana wa Rubeni? Mkamwana anakaa bega kwa bega na mkwewe?"

"Na jina," alisema Hezron. "Imelda anasema ulilitaja jina lake."

"Aliniuliza!"

"Ndiyo, alikuuliza."

Nje kuku walikuwa wanagombania maganda ya mihogo. Mara ule mkono wa Imelda uliosimama hewani ukamrudia Ketrina, na lile tabasamu la mzee, na vile vioo. Kuna joto? Hapana, mzee. Basi acha watu wakuone.

"Amenijibu kabla sijamwuliza," Hezron alisema polepole. "Mimi nimeshuka mlimani na maneno yangu nimeyapanga, kumbe mwenzangu alishamaliza. Kesho narudi Ibaba."

Ketrina alimpigia magoti. "Baba mkubwa, usiondoke. Hakuna dawa? Hata kwetu watu wanateleza. Babu yule wa Ikumbilo si alimgonga mkamwana wake mlangoni?"

"Alimgonga, na jioni alileta mbuzi, akasema nimeteleza, wakaishi. Dawa ipo. Lakini haitoki kwako wala kwangu. Inatoka kwa aliyekosa. Rubeni mwenyewe alete mbuzi hapa, aseme mbele yetu nimeteleza. Basi."

"Lusubilo atamwambia."

"Atamwambia?"

"Atamwambia. Ngoja mpaka Jumamosi. Nakuomba."

Hezron alimtazama pale alipopiga magoti. Akakivuta kile kikombe cha chai baridi, akanywa.

"Jumamosi," alisema. "Si zaidi."

*

Lusubilo aliingia Ijumaa mchana. Alimpigia Ketrina simu akiwa eneo la Mpemba, karibu na kuingia mjini, wakakubaliana wakutane barabara ya Chapwa, pale mashamba ya mahindi yanapoanza. Ketrina alifika kwanza, akasimama kivulini akitazama barabara.

Gari lilikuja kama maji. Jaguar ya rangi ya fedha, bado ina karatasi kwenye viti. Lusubilo alikuwa amevaa shati jeupe, macho mekundu kwa safari, na alipomwona Ketrina uso wake ulifunguka wote. Hata katika uchungu ule Ketrina aliona jinsi alivyo mzuri, akatamani asingeliona.

"Mke wangu!" Lusubilo aliegemea akafungua mlango wa pili. "Ingia ndani, vumbi hilo. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuikalia. Hata baba bado."

"Siingii."

"Una nini?"

"Shuka wewe."

"Kuna malori, Ketrina, yatairushia mawe. Ingia tuongee vizuri, nimekumisi mpaka basi."

"Katika gari za nyumba ile sikai tena. Nilishakaa moja, imetosha."

Lusubilo alizima injini. Akashuka, akazunguka, akasimama mbele yake. Alitaka kumshika mkono, naye akaurudisha nyuma. Ketrina akamwambia yote, kuanzia mlango uliofunguliwa mpaka ndizi za Imelda, mpaka viatu vya baba mkubwa. Alipomaliza Lusubilo alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka jambo liwe dogo.

"Basi ndiyo hiyo? Nikadhani umefiwa. Ketrina, mzee amekupa lifti! Mambo ya kukimbiana na mkwe ni ya kule milimani. Sisi tuko mjini, tuko mwaka elfu mbili na kumi na mbili. Mimi mwenyewe nimezaliwa hapa hapa, hata Kindali nakivunja."

"Baba yako hakivunji."

"Baba ni mtu wa kisasa. Umeona ghala lile?"

"Kwa miaka yote niliyofanya kazi pale, alishawahi kumkalisha mbele mfanyakazi? Mpishi? Mlinzi? Mama yako marehemu, ulisema mwenyewe, alikuwa anakaa nyuma. Mimi amenikalisha mbele siku ya tatu tangu umwambie unanioa. Nifikirie nini?"

Lusubilo alichuma jani la muhindi akaanza kulichana nyuzi nyuzi. Ketrina alimwona anaelewa. Ilikuwa kama kutazama kivuli kinavyopanda ukuta.

"Alisemaje ulipomwambia?" Ketrina aliuliza. "Jumapili. Alikujibu nini?"

"Alisema vizuri."

"Vizuri tu?"

"Alisema, vizuri, nenda kachukue gari kwanza." Akalitupa lile jani. "Nikasema amekubali. Alinipa funguo zote, Ketrina. Alisema hii Jaguar nitaiandikisha kwa jina langu."

Lori lilipita, vumbi likawafunika wote wawili. Lusubilo aligeuka haraka akaitazama ile rangi ya fedha, kisha akaona aibu kwamba amegeuka.

"Anamtaka binti gani?" aliuliza Ketrina. "Niambie. Sitalia."

"Hajamtaja mtu."

"Lusubilo."

"Hajamtaja! Anasema tu... anasema mkwe wake awe mtu wa kushuka kutoka kwenye gari, asiwe mtu wa kulifuta."

"Alisema lini?"

"Zamani."

"Na wewe ulimjibu nini?"

Lusubilo alijipangusa vumbi shatini.

"Nilinyamaza," alisema. "Nilijua atazoea." Kisha ghafla uchungu wake ukatafuta mahali pa kuangukia, ukamwangukia aliye karibu. "Lakini na wewe! Wewe ndiye Mndali kuliko mimi. Wewe ndiye unayezijua hizi mila tangu tumboni. Ulijua kabisa! Kwa nini ulipanda?"

Ketrina alimtazama. Machozi aliyoahidi hayatatoka yalitoka, hayakuwa na haraka.

"Kwa sababu ni baba yako," alisema. "Nilidhani nimependwa."

Lusubilo akamvuta, akamkumbatia pale pale kando ya barabara, mchana, watu wa baiskeli wakipita. Ketrina alisikia moyo wake unavyopiga ndani ya shati lililonuka safari. Akajiruhusu kubaki hapo kidogo. Kidogo tu.

"Tuvuke," Lusubilo alimnong'oneza. "Leo hii. Nina rafiki Nakonde, atatupeleka Kasama. Nani atatuuliza habari za Ibaba kule?"

"Tukivuka, watu watasema nini?"

"Waseme watakavyo."

"Hapana, sikiliza. Watasema yule ni mwanamke aliyekaa mbele na mzee, kisha akavuka na kijana. Ndilo jina nitakaloacha kwa mama yangu. Ana wadogo zangu wa kike nyumbani." Alijitoa kifuani pake taratibu. "Mimi siombi harusi kubwa. Siombi gari hata moja. Ninaomba mbuzi. Mwambie baba yako alete mbuzi mmoja kwa shangazi Jenista, aseme nimeteleza. Neno moja. Baba mkubwa atapokea, amesema."

"Hukijui kichwa cha baba."

"Nakijua. Ndiyo maana nataka wewe ndiye umwambie. Hakuna siku umemwambia hapana?"

Lusubilo alitazama mbali, juu ya mahindi. Alitafuta kwenye maisha yake yote, Ketrina akimwangalia anavyotafuta.

"Kesho itakuwa ya kwanza," alisema mwishowe. "Kesho asubuhi namleta. Na mbuzi namleta. Wallahi, Ketrina, hata kama itabidi nimfunge kamba baba mwenyewe."

Akacheka kwa machozi. Ketrina naye akacheka. Alimpangusa vumbi kwenye nyusi kwa ncha ya kitenge chake, akamwacha aende.

*

Jumamosi Jenista aliamka akafagia uwanja, akachoma kijiti ardhini karibu na mpapai mahali pa kumfunga mbuzi, akaazima viti kwa jirani. Hezron alivaa koti. Hakuna aliyesema neno la matumaini, lakini kila aliyepita mlangoni alitupa jicho barabarani.

Ketrina alitumwa dukani kununua sukari. Alikuwa anarudi na kimfuko mkononi, kitenge kimefungwa kiunoni, alipoliona Benzi jeupe linakunja kona kutoka barabara kuu. Lilikuja polepole katika kile kichochoro, likikwepa mashimo. Vioo vilikuwa chini. Mzee Rubeni alikuwa kwenye usukani, na kando yake, upande wa pili, aliketi Lusubilo.

Amemleta, Ketrina aliwaza. Amemleta kweli.

Majirani walitoka. Wanawake waliokuwa wanasuka kibarazani waliacha nywele za wenzao nusu. Ketrina aliona kwamba kila mtu anamtazama yeye, atafanya nini, na akajua pia la kufanya. Hakuna aliyemwambia. Alikifungua kitenge kiunoni, akajitanda kichwani mpaka usoni, akaingia kando ya njia, akachuchumaa kwenye uzio wa matete, akaigeuzia barabara mgongo.

Kibarazani mama mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Ehee. Sasa huyo ni mkamwana."

Ketrina alilisikia. Alibana macho. Sasa lilikuwa limebaki jambo dogo sana. Mzee apite tu. Baba mkwe akimkuta mkamwana wake hivi, hutazama mbele akapita, asiseme kitu, na kule kunyamaza kwake ndiko kupokea. Apite hatua chache tu mpaka kwa shangazi. Apite, Mungu wangu, apite.

Gari lilisimama.

Lilisimama nyuma yake, karibu mno, joto la injini akalisikia mgongoni.

"Ketrina," mzee aliita.

Hakujibu.

"Ketrina. Hujambo?" Sauti ilikuwa ya upole, sauti ya mtu anayeongea na mtoto aliyenuna. "Mbona unanipa mgongo leo, tumegombana? Nimepita kukuona. Siku hizi mbili hukuja kazini, nikasema huenda anaumwa."

Ndani ya kitenge Ketrina aliuma ulimi wake. Akijibu, amekwisha. Asipojibu, bado kuna mtu mmoja wa kujibu. Akasubiri. Alisubiri kwa masikio yake yote mlango wa upande wa pili ufunguliwe, viatu vikanyage chini, sauti aijuayo iseme: Baba, huyo haitwi jina. Baba, usimsemeze mke wangu.

"Jumatatu uje," mzee alisema. "Magari yamejaa vumbi. Hiyo mpya nayo imetoka Dar ni chafu, hata rangi yake haionekani. Au siyo, Lusu?"

Mtoto wa mtu alilia nyumba ya tatu, akanyamazishwa.

"Baba," Lusubilo alisema.

Ketrina aliinua kichwa ndani ya kitenge.

"Baba, twende zetu. Watu wanatazama."

Mzee alitia gia. Benzi liliupita uzio wa matete, likaupita mlango wa Jenista bila kupunguza mwendo. Hezron alikuwa amesimama pale na koti lake, lakini gari halikusimama. Lilikunja kona ya msikiti likapotea.

Hezron aliingia ndani. Alitoka na kikapu chake na viatu vya mvua, akawashika mkono majirani mmoja mmoja kama watu wa msibani. Alipofika kwa Ketrina alisimama, akatafuta la kusema, akamgusa begani, akaenda kituoni.

Wanawake wa kibarazani walirudi kwenye misuko yao. Jenista alikuja, akachuchumaa, akaokota kimfuko cha sukari kilichokuwa kimepasuka chini.

"Mwanangu. Inuka. Wameshapita."

Ketrina hakuinuka.

"Wameshapita, Ketrina. Twende ndani, jua linakuunguza. Geuka."

Alitikisa kichwa ndani ya kitenge. Akigeuka, atakuwa msichana wa kufuta vumbi aliyeachwa kichochoroni, na magari yanamngoja Jumatatu. Lakini kwa muda wote ambao angebaki ameipa barabara mgongo, uso umefunikwa, bado alikuwa mkamwana wa mtu.

"Niache kidogo, shangazi," alisema. "Niache hivi hivi kidogo."